Faida iko miguuni mwa watu

Mimi nafundisha uhasibu chuo kimoja hapa Dar, na kila mwaka semesta ya kwanza naanza kwa kuuliza nani anafanya biashara hosteli. Mwanzoni wananiangalia tu, wanadhani nataka kuwaripoti, alafu mkono mmoja, miwili, ukija kushtuka nusu ya darasa ni wafanyabiashara, huyu pafyumu, yule anasuka wikiendi, mwingine juisi, na mtaji karibu wote ni bumu, yaani ule mkopo wa wanafunzi.

Mwaka juzi akajitokeza dada anauza viatu vya mtumba. Kaenda soko la Karume alfajiri, kachagua pea kumi kwa elfu kumi kumi, nauli na sabuni ya kusafishia 6,000, anauza 15,000 kila pea. Nikamuuliza faida shingapi, akajibu hata hajafikiri, "Sir mi nimekula hasara ya 46,000." Nikamwambia njoo ubaoni tuhesabu, wenzako wakusaidie.

Yeye kaangalia pochi tu. Ilitoka 106,000, ana 60,000, basi 46,000 imeyeyuka. Sasa mchimbe kidogo kidogo uone: pea saba zimeshaondoka, ila mbili kati ya hizo kawakopesha roommate zake mpaka bumu litoke. Kati ya tatu zilizobaki, mbili ziko chini ya kitanda, na moja anaivaa mwenyewe, alikuwa nayo mguuni palepale mbele ya darasa, watu wakacheka mpaka basi. Juu ya hapo kwenye mauzo kachota 15,000 ya chipsi mayai.

Haya. Mauzo ni 105,000, maana ukishakabidhi kiatu umeuza hata kama hujalipwa. Gharama ya pea saba ni 70,000, tatu zingine hazijauzwa kwa hiyo haziingii hapo. Toa elfu sita, inabaki 29,000, ndo faida yake hiyo! Kiatu alichovaa na chipsi ni 25,000, hayo ni matumizi ya mwenye mali, biashara haihusiki. Jumlisha keshi 60,000, wadaiwa 30,000 na stoo ya chini ya kitanda 20,000 unapata 110,000. Chukua mtaji 106,000, weka faida, toa alichokula, inakuja 110,000 ileile. Dada akabaki anaangalia ubao, akasema kumbe hela yangu iko miguuni mwa watu.

Nikadhani tumemaliza. Kijana mmoja wa nyuma, mama yake ana genge, akauliza hivyo viwili vilivyobaki vikoje? Ikabainika kimoja ni namba 46 na soli imeanza kuachia, akipata 6,000 ashukuru. Aisee nilifurahi, maana hapo kanifungulia mlango wa IAS 2, kanuni ya kimataifa ya kuhesabu bidhaa za stoo, bila kujua: bidhaa ambayo haijauzwa unaihesabu kwa bei uliyonunulia au ile utakayobaki nayo ukiuza, iliyo ndogo. Tukakata 4,000, faida ikawa 25,000.

Mimi hayo nilisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, enzi kitivo cha biashara bado kinaitwa FCM, kabla hakijawa Shule Kuu ya Biashara mwaka 2008, nikayameza kutoka kwenye desa nikayatema kwenye pepa, na A nikapata, ila ungenipa kiroba cha viatu nikuandalie hesabu ningekukimbia.

Watu wanasema vitendo ni fildi, yaani yale mafunzo ya kazini. Fildi nzuri, ila inategemea umeangukia wapi, nina wanafunzi wamekaa ofisini wiki nane wanatoa fotokopi na kufuata chai, logibuku imejaa sentensi moja tu, "nilisaidia kupanga mafaili". Sasa hivi kabla hawajaenda namwambia kila mmoja amtafute mama ntilie au fundi cherehani, akae naye jioni saba mfululizo akiandika kilichoingia na kilichotoka. Shida kubwa huwa chakula cha watoto, kinatoka kwenye sufuria hiyohiyo ya wateja na hakiandikwi popote, na wengi wanarudi wanabishana kama kihesabiwe kwa gharama ya kupika au bei ya sahani. Mimi nawaacha wabishane wiki nzima.

Yule dada bado anauza. Bumu lilipotoka roommate mmoja kalipa siku hiyohiyo. Mwingine kahama chumba.