Saini 300 Hazizuii Duka la Dawa

Jumatatu mwenyekiti wa wakazi alinijia ofisini na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi za daftari zilizojaa majina, nambari za vitambulisho na saini. "Mwanangu, tumefikisha 300," akaniambia. "Hapo hawajengi tena." Kampuni yenye maduka ya dawa katika miji mingi inataka kubomoa nyumba ya kona kule Milimani, Nakuru, ijenge duka la kufungwa saa sita usiku. Nikasoma sababu iliyoandikwa juu ya karatasi ya kwanza: "Sisi wakazi hatulitaki." Mstari wa pili haukuwepo.

Mimi ni mpangaji miji, na nimechoka kuona watu wenye haki yao wakishindwa kwa njia hii. Ombi la kubadilisha matumizi ya ploti halipigiwi kura. Sheria ya mipango ya mwaka 2019 inamtaka mwombaji atangaze mradi, na tangazo liwaalike wananchi kupeleka pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Kinachopimwa ni sababu. Saini 300 chini ya sababu moja ni pingamizi moja, na "hatulitaki" si sababu.

Leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu nayo ni jambo jingine. Bodi huangalia mfamasia na mahali pa kuuzia dawa, haiangalii magari yatakayoziba lango lako.

Halafu kuna lalamiko la wakazi kwamba duka hilo "litaua kemisti zetu." Uchungu wake naujua. Dada mwenye kemisti karibu na steji ya boda huwakopesha wazee dawa ya presha hadi mwisho wa mwezi. Lakini anayepima matumizi ya ardhi haulizi nani atauza zaidi, na vitabu vyetu hufunga mjadala hapo. Mimi sijatulia. Kemisti ya kuendea kwa miguu ikifungwa, mzee atalazimika kupanda boda kufuata dawa, na umbali huo ni suala la mipango sawa na barabara. Bado sijapata namna ya kuliandika likakubalika.

Nikamwambia mwenyekiti twende kwenye kona yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Milimani inateremka kutoka mlima Menengai kuelekea Ziwa Nakuru, na maji ya barabara ya juu hupitia mtaro wa pale. Nikashusha tepu: upana sentimita 60, kina 45, na nusu ya kina hicho ni mchanga. Leo ploti ile ina nyasi na miparachichi miwili, kwa hiyo sehemu kubwa ya mvua yake huzama papo hapo. Mchoro wa kampuni unaonyesha kabro, yaani vitofali vya saruji vya kutandika chini, kutoka ukuta hadi ukuta. Maji yatakimbilia mtaroni yote kwa pamoja, mtaro utafurika, na jirani wa chini, ambaye lango lake liko chini ya usawa wa barabara, ndiye atakayeyapokea. Hilo ndilo pingamizi, Mzee. Piga picha mvua ikinyesha, andika tarehe na saa, weka alama maji yalipofika.

Maegesho pia yaangaliwe. Mchoro una nafasi 8 za magari na hauna hata moja ya boda. Sisi huhesabu nafasi kwa ukubwa wa sakafu, hesabu ambayo siiamini sana hapa kwetu: mteja hushuka boda, na dereva humsubiri barabarani injini ikinguruma. Saa tano usiku, chini ya dirisha la chumba cha watoto, mngurumo huo una uzito kuliko saini zote za bahasha.

Na msikawie. Mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria inachukulia kwamba amekubaliwa. Uamuzi ukitoka nanyi hamkuridhika, mna siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya mambo ya mipango, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Jana usiku mvua ilirudi. Saa tano na dakika kumi mwenyekiti akanitumia picha, tochi mkononi: maji yamefika jiwe la tatu la ukuta wa jirani.