Nitumie faili, usinitumie picha: kuchimbua data ghafi za hadubini ya AFM

Ujumbe uliingia WhatsApp saa tatu usiku. "Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie kupata Rq ya filamu yangu, msimamizi anaitaka kesho." Rq ni kipimo cha ukwaru wa uso, na filamu hapa ni tabaka jembamba sana la kitu. Chini ya ujumbe kulikuwa na JPEG: vilima vya rangi ya kahawia na dhahabu, pembeni ukanda wa rangi unaoanzia 0 hadi 100 nm (nanomita). Nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza faili lenyewe liko wapi.

"Ndiyo hilo mwalimu. Maabara walinitumia hivyo hivyo."

Sampuli yake ilisafirishwa nje ikapimwa kwa hela, na kilichorudi ni picha. Haya nayaona kila muhula, na kila mara nauma meno.

Hadubini ya AFM (ya nguvu za atomu) haipigi picha. Tangu Binnig, Quate na Gerber waitangaze mwaka 1986, kazi yake ni kupapasa. Ncha yenye upana wa nanomita chache inapita juu ya sampuli mstari kwa mstari, leza inayoakisiwa mgongoni mwa kantileva, kijiti kinachobeba ncha, inaonyesha ncha imepanda au imeshuka, na mashine inaandika namba. Pikseli 512 kwa 512 ni namba 262,144. Rangi hupakwa mwishoni ili macho yetu yapate cha kushika.

Sasa tazama kinachopotea. Ukanda wa rangi wa kawaida una madaraja 256. Gawa 100 nm kwa 256, kila daraja linabeba 0.39 nm. Ngazi ya atomu moja kwenye dhahabu, katika uso wenye mpangilio wa atomu uitwao (111), ina kimo cha takriban 0.235 nm, kwa hiyo inaweza kumezwa yote ndani ya rangi moja. Kilima kinachozidi 100 nm kinakatwa kichwa, kinabaki doa jeupe. Halafu JPEG inakuja kusaga kilichobaki katika vipande vya pikseli 8 kwa 8. Wapo wanaosoma mwangaza wa kila pikseli na kuurudisha kwenye nanomita kwa kutumia ukanda ule. Ukiniambia kwa njia hiyo kwamba kilima fulani kina kama 60 nm, nitakubali. Rq yake siwezi kuitia saini.

Asubuhi aliwaandikia maabara, wakamtumia faili lenye mkia wa .000. Simu yake ikasema haiwezi kulifungua. Akaniandikia kwa huzuni kwamba limeharibika.

Lilikuwa zima kabisa. Mikia ya .000, .001 na .spm ni ya familia ya NanoScope, programu inayoendesha baadhi ya hadubini hizi, na ukilifungua kwa kihariri cha maandishi cha kawaida unakuta mwanzo unaosomeka, unaoanza na `\*File list`, kisha kurasa za takataka. Hizo takataka ndizo namba zetu. Maandishi ya mwanzo ndiyo ufunguo, na mimi huanza na mistari mitatu: `Data offset`, `Data length` na `Bytes/pixel`. Kwenye faili lake data za kimo zilianzia baiti ya 40960, zikiwa na urefu wa baiti 524,288. Gawa kwa 262,144 unapata 2. Kila pikseli ni baiti mbili, namba kamili yenye alama ya hasi au chanya, baiti ndogo ikitangulia. Kwa lugha ya programu ya Python ni mstari mmoja:

`z = np.fromfile(f, dtype='<i2', count=262144, offset=40960)`

Usiruke ile hesabu ya kugawa. Katika matoleo mapya ya NanoScope unaweza kukuta `Bytes/pixel` inasema 2 huku data zimehifadhiwa kwa baiti nne nne. Mara ya kwanza niliamini maandishi, nikasoma mbili mbili, na uso wa sampuli ukatoka na mistari ya wima kama pazia la shanga. Nilimlaumu fundi wa mashine siku nzima. Urefu wa data ungeniambia ukweli kwa sekunde tano.

Ukishapata namba, bado hazina nanomita, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Utakuta mstari wa namna hii:

`\@2:Z scale: V [Sens. Zsens] (0.006713867 V/LSB) 8.192 V`

Macho yanakimbilia namba ya kwenye mabano, kwa sababu imeandikwa kana kwamba ndiyo jibu. Iache. Ile ni 440 V iliyogawanywa kwa 65,536, yaani masafa yote ya mashine. Unayoitaka ni ya mwisho, 8.192 V, igawanye kwa 65,536 upate 0.000125 V kwa kila hatua. Kisha tafuta `Sens. Zsens`, yaani nanomita ngapi kwa kila volti, sehemu ya juu ya faili, tuseme ni 12.5 nm/V. Pikseli yenye namba 6400 inakuwa 6400 × 0.000125 × 12.5, yaani 10 nm. Ukitumia ya kwenye mabano unapata 537 nm, na filamu yako nyembamba imegeuka mlima.

Kama hupendi kuandika programu, Gwyddion ni ya bure, wanaoitunza wako Taasisi ya Metrolojia ya Czech, na inajua miundo mingi ya mafaili ya AFM, hii ikiwemo. Mimi hufanya kwa mkono mara moja kwa kila mashine ngeni, nikilinganisha na Gwyddion, halafu naiachia kazi.

Angalizo kwa wenye TIFF, aina nyingine ya faili la picha. Baadhi ya mashine, zikiwemo za Park na JPK, huhifadhi vipimo ndani ya TIFF. Kinachoonekana kwenye kompyuta ni kijipicha tu. Vipimo viko ndani zaidi, mahali ambapo programu ya kutazama picha haifiki. Ukiifungua huko ukaihifadhi upya, kijipicha kinabaki na vipimo vinatupwa. WhatsApp nayo, ukituma kama picha badala ya hati, inafanya vilevile.

Jambo moja tulihangaika nalo hadi saa nane mchana: je, kuna mtu alishausawazisha uso na kuuhifadhi juu ya faili la asili? Rq hubadilika sana kutegemea umeondoa mteremko mmoja wa uso mzima au umenyoosha kila mstari peke yake. Nilichora kimo ghafi bila kurekebisha chochote. Kona moja ilikuwa juu, ya upande wa pili chini, mteremko safi wa sampuli iliyokaa upande kwenye sahani. Nilifurahi kuuona. Data zilizonyooka mno kabla sijazigusa ndizo zinazonitia wasiwasi.

Tukaondoa mteremko, Rq ikatoka 6.2 nm. Nikamwambia aandike kwenye tasnifu jinsi tulivyousawazisha, pamoja na ukubwa wa eneo lililopimwa, na lile .000 aliweke mahali pawili.

"Na hii JPEG niifute mwalimu?"

Aiweke kwenye jalada la tasnifu, inapendeza.