Do Si C: Dhana Potofu Kuhusu Madaraja ya Skeli

Wanafunzi wanaokuja kwangu kujifunza kinanda, hasa waliojifundisha kanisani kwa kutazama mikono ya mwenzao, karibu wote hunieleza kwa uhakika kamili kwamba do ya solfa (do, re, mi, fa, so, la, ti) ni nota C. Ukimwomba mmoja wao akupigie so, atagusa G. Na ukimwomba auhamishe wimbo uleule kwenye ufunguo wa G, yaani G iwe makao ya wimbo, kidole chake kitakimbilia kitufe cha transpozi, kile kinachopandisha au kushusha sauti zote za kinanda. Nimechoka kulirekebisha jambo hili kwa mdomo, kwa hiyo naliandika.

Katika solfa inayotumiwa na kwaya zetu, do ni daraja (yaani nafasi) la kwanza la skeli yoyote ya meja, ile ngazi ya sauti ya do hadi do, wala si jina la nota fulani. Herufi C, D na E hutaja kimo cha sauti yenyewe, ilhali do, re na mi hutaja uhusiano wa sauti hiyo na sauti ambayo wimbo umeifanya makao yake. Ushahidi uko juu ya karatasi ya wimbo wa solfa, pale panapoandikwa “Do = G” au “Do = B flati” (B iliyoshushwa nusu toni, yaani hatua moja ndogo kabisa ya kinanda). Kama do ingekuwa C siku zote, mtunzi angejisumbua kuandika hayo kwa sababu gani? Wapo walioimba chini ya maandishi hayo tangu utotoni bila kujiuliza swali hilo hata mara moja.

Ichukue nota C peke yake. Katika ufunguo wa C ni daraja la kwanza, katika G ni la nne, katika F ni la tano, na katika D flati ni la saba, kama mtu yuleyule anavyokuwa baba kwa huyu, mjomba kwa yule na mkwe kwa mwingine.

Kosa hili lina chimbuko. Wanamuziki waliosomea muziki kwa Kifaransa, wakiwamo wa Kongo na Burundi, huiita C do, kama ifanyikavyo Ufaransa na Italia, na hawajakosea hata kidogo, kwa kuwa mfumo wao ni wa do isiyohama. Sisi wa kwaya tulirithi do inayohama, ambayo John Curwen (1816–1880) wa Uingereza aliieneza akijenga juu ya kazi ya Sarah Glover wa Norwich, na wamisionari wakaileta Afrika. Mifumo yote miwili ni halali; kinachovuruga ni kusoma karatasi ya mfumo mmoja kwa kanuni ya mwingine.

Kuhusu kitufe cha transpozi sina subira. Ukikiweka kwenye +5, yaani nusu toni tano juu, vidole vinapiga C na spika inatoa F, kwa hiyo mkono unajifunza jambo moja na sikio jingine, na siku utakapoketi mbele ya piano isiyo na kitufe utagundua kwamba unaujua ufunguo mmoja tu. Kizime. Chagua wimbo mfupi usiozidi sauti tano, uupige katika C, kisha G, kisha F, huku ukiimba namba za madaraja badala ya maneno, na usianze wimbo mwingine kabla namba hizo hazijakutoka bila kufikiri.

Wengine huamini kwamba wimbo huanza kwa do. “Happy Birthday” huanza kwa daraja la tano: so, so, la, so, do, ti. Anayetafuta ufunguo wa wimbo atazame nota ya mwisho ya besi, kwa maana huko do hupatikana mara nyingi zaidi kuliko mwanzoni.

Si kweli pia kwamba madaraja yote yameachana sawasawa. Kati ya la tatu na la nne, na kati ya la saba na la nane, pana nusu toni tu. Ndiyo maana ufunguo wa G unadai F shapu (F iliyopandishwa nusu toni), na wa F unadai B flati.

Namba za vidole nazo si namba za madaraja: katika skeli ya C kwa mkono wa kulia, gumba, ambalo ni kidole cha kwanza, hupita chini na kupiga F, daraja la nne.

Wanaodai kwamba solfa ni ya wasiojua muziki wakumbuke kwamba Enoch Sontonga aliandika kwa solfa, mwaka 1897, lahani ambayo leo ndiyo ya “Mungu ibariki Afrika”.

Mwisho, skeli ya mina, ile ambayo makao yake ni la badala ya do. Katika A mina, nota A huimbwa la, lakini ni daraja la kwanza, kwa sababu madaraja huhesabiwa kutoka makao ya wimbo. Kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya tano hapo hujengwa juu ya E, na kwa kawaida G yake hupandishwa kuwa G shapu ili daraja la saba livutwe kuelekea A.