Friji haipigi shoti

"Vaa kandambili kwanza mwanangu, hiyo friji inapiga shoti." Mama mwenye nyumba wetu huniambia hivyo kila ninapoenda kwake kuchukua maji ya baridi. Kandambili zenyewe zipo pale pale, jozi moja ya bluu mbele ya friji, kama zile za msalani. Nyumba nzima imeshazoea, hata wageni.

Shoti ni hivi: waya wa moto, ule unaoleta umeme, umegusana na nyutro, ule unaourudisha, umeme ukapata njia ya mkato bila kupita kwenye taa wala pasi ya kuubana. Mkondo unapanda ghafla, unasikia "pa!", cheche, breka inashuka, giza. Basi, imekwisha.

Neno limetoka kwa Kiingereza, short, yaani fupi: njia imefupishwa. Lilipofika lilikuta Kiswahili kina shoti nyingine ya zamani, ile ya punda na farasi; kwenda shoti ni kukimbia mbio. Kuna pia shoti ya keshia, hesabu ya jioni inapopungua elfu kumi, nayo ni short hiyo hiyo ila ya upungufu. Hadi hapo hakuna ugomvi, kwa sababu hakuna anayechanganya punda na keshia. Balaa ni ndugu yake wa Kiingereza, shock, mshtuko wa mwili unaopitiwa na umeme. Midomoni mwetu short na shock zimeangukia pamoja, ndipo tukapata "kupigwa shoti". Sasa waya kugusana ni shoti, mtu kurushwa ni shoti, soketi kuungua ni shoti, taa kufifia ni shoti.

Watangazaji wa habari angalau husema "hitilafu ya umeme". Watu huwacheka kwamba wanakwepa kutaja chanzo, lakini neno lenyewe ni zuri. Asili yake ni Kiarabu, kutofautiana, ndiyo maana wawili wasiopatana tunasema wamehitilafiana. Jambo limetofautiana na lilivyotakiwa kuwa. Hitilafu ndiyo mama, shoti ni mtoto wake mmoja, tena yule mpiga kelele. Mimi nawaogopa zaidi wale wapole.

Mmoja ni kiungo kilicholegea. Skrubu ya soketi haijakazwa, umeme unapita kwa taabu kwenye mguso mdogo, na hapo hapo panachemka. Mkondo haujaongezeka, kwa hiyo breka haina cha kushtukia. Utaiona soketi imegeuka rangi ya chai, au plagi ni ya moto unapoichomoa, au utasikia kuchachatika. Wakati mwingine ni harufu ya samaki katika chumba ambacho hakuna aliyepika samaki. Baadhi ya plastiki za vifaa vya umeme zikichemka hunuka hivyo. Mwingine ni kuzidiwa, pasi na jagi la kuchemshia maji kwenye ekstensheni moja, na huyo tunamjua wote ila tunajifanya hatumwoni.

Wa friji anaitwa kuvuja. Ndani huko waya umechubuka au mota imechoka, umeme ukafika kwenye bodi ya chuma. Kazi ya waya wa ardhini ni kuuteremsha umeme huo, na kwenye plagi zetu za pini tatu ile pini ndefu ya juu ndiyo yake. Wengi wetu tundu lake tunalijua kama mahali pa kuchomeka kalamu ili plagi ya pini mbili ikubali kuingia. Friji ya mama ina plagi ya pini mbili. Kwa hiyo umeme unakaa kwenye bodi ukingoja mtu, na mtu akija miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji, yeye ndiye anakuwa waya wa ardhini.

Breka ya kawaida haitamsaidia. Ampea moja ni miliampea elfu moja; miliampea 30 tu zikipita kifuani zinaweza kuua, na breka ya ampea 20 inangoja kiasi kinachozidi hicho zaidi ya mara 600 ndipo ifikirie kushuka. Zipo breka maalumu za kuvuja zinazokata kwenye miliampea 30 hizo hizo, lakini kwenye nyumba nyingi za kupanga sijaziona.

Fundi alishaitwa. Aliambiwa kuna shoti. Akafungua boksi la breka, akakuta zote ziko juu, akagusa soketi kwa testa, taa ikawaka vizuri, akasema, "Mama, hapa hakuna shoti," akapewa nauli yake akaondoka. Na alisema kweli.

Juzi nikamwambia mama, kwa adabu zote, aichomoe friji hadi fundi arudi, na akimpigia simu aseme inavuja umeme kwenye bodi na plagi yake ni ya pini mbili. Akacheka. "Shoti, kuvuja, si umeme ule ule?"

Ndio ule ule, mama. Ila ukisema shoti, fundi anakwenda kwenye breka. Ukisema inavuja, anaanza kutafuta waya wa ardhini.