Picha isiyo na majina haiingii gazetini

Kijana mmoja wa Mbeya alinitumia picha 84 za maonyesho ya Nane Nane kwa mkupuo mmoja, bila neno hata moja la maelezo, kisha ukafuata ujumbe: "Shikamoo mwalimu. Naomba unishauri ninunue kamera gani ili picha zangu na mimi zitoke gazetini." Alikuwa mtu wa nne kuniuliza swali hilo mwezi huo, na nimechoka kulijibu kwa mmoja mmoja, kwa sababu linazaliwa na imani ambayo nimeipinga kwa miaka yote niliyokaa kwenye dawati la picha: kwamba mhariri huzikataa picha za mtu asiyeajiriwa kwa kuwa hazikupigwa na kamera kubwa.

Nilizipitia picha zote 84. Nyingi zilikuwa za mabanda na mabango, lakini moja ilikuwa nzuri kweli: mama wa makamo anakata parachichi kwa kisu, wanafunzi watatu wamemzunguka, na mwanga wa asubuhi unaingia kutoka ubavuni mwa banda na kutua usoni mwake. Nikamuuliza kijana: huyu mama ni nani, ni wa kikundi gani, wanafunzi hao ni wa shule gani, na ilikuwa siku gani? Akajibu, "Ni mkulima tu, mwalimu." Kufikia hapo alikuwa amekwisha kurudi nyumbani, banda lilikuwa limekwisha kuvunjwa, na ukurasa ulikuwa unafungwa. Nikaweka picha nyingine, dhaifu kuliko ile, ambayo mpigaji wake alikuwa ameandika majina yote.

Nianze na kamera ili tuimalize mapema. Picha ya gazeti inahitaji takribani pikseli 200, yaani nukta ndogo zinazoiunda picha, kwa kila inchi ya karatasi. Simu ya kawaida ya pikseli milioni 12 hutoa faili la pikseli 4000 kwa 3000, yaani picha yenye upana wa inchi 20, ambao ni mkubwa kuliko ukurasa mzima wa gazeti la umbo dogo. Hata picha iliyopunguzwa na WhatsApp hadi pikseli 1600 hivi inatosha kwa upana wa inchi 8, sawa na sentimita 20, na ni mara chache picha ya mtu wa nje kupewa nafasi kubwa kuliko hiyo. Ninachokichukia kwenye WhatsApp ni kwamba picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, taarifa zote zilizohifadhiwa ndani ya faili hufutwa: saa, tarehe na hata maelezo uliyoyaandika humo kwa bidii. Itume kama dokumenti au kwa barua pepe. Ukitaka kupiga mechi ya mpira usiku ukiwa nyuma ya goli, hapo simu itakushinda na lenzi ndefu itakuhusu, lakini waliouliza swali hili wote walikuwa wakipiga mahafali, maulidi, uzinduzi wa visima na maonyesho ya wakulima mchana kweupe. Mpigapicha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza kupiga picha akiwa mtoto na kamera duni aina ya Box Brownie, na mwaka 1984 kazi yake ndiyo iliyoifanya dunia iione njaa ya Ethiopia. Ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, picha za mkia uliochomoza juu ya maji zilizosambaa kila mahali zilikuwa za simu za watu waliokuwa ufukweni.

Sasa kepsheni, yaani maelezo yanayowekwa chini ya picha, ambayo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Mhariri anapoweka picha ukurasani anawaambia wasomaji kwamba gazeti linajua wanachokiona. Picha yako inaweza kuwa na umbo la ajabu na mwanga wa kupendeza, lakini mimi sikuwepo pale, na macho yangu hayawezi kusoma jina la mtu usoni mwake. Wewe ulikuwepo. Ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka kwa mama yule, na kumuuliza jina kungekugharimu chini ya dakika moja, pamoja na salamu. Kepsheni ambayo ningeipokea kwa mikono miwili ingekuwa hivi: "Mkulima wa kikundi fulani kutoka wilaya ya Rungwe, Fulani binti Fulani (wa pili kushoto), akiwaonyesha wanafunzi wa Shule ya Msingi fulani namna ya kutambua parachichi lililokomaa, katika maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Agosti 6." Ni sentensi moja tu, na ndani yake kuna nani, wapi, lini na nini kinachotendeka. Andika tarehe yenyewe. Usiandike "leo" wala "jana", kwa maana "leo" yako wewe, ya mhariri na ya msomaji ni siku tatu tofauti.

Naomba nikae kidogo kwenye maneno mawili: "wa pili kushoto". Kushoto ni kushoto kwa msomaji anayeitazama picha, si mkono wa kushoto wa mtu aliyemo ndani yake. Nimeona watu wenye shahada wakikosea hapa, kwa sababu walikuwa wamekaa meza kuu wakati wa tukio na wanaandika kepsheni kwa kukumbuka nani alikuwa ameketi upande gani wao. Fungua picha, itazame, uhesabu kwa kidole. Hesabu kwenye fremu ileile unayoituma, kwa kuwa kati ya fremu moja na inayofuata watu huhama, hasa katika picha za pamoja ambapo daima kuna mmoja anayechelewa na kujipenyeza. Ukitumia kamera ya mbele ya simu, hakikisha haikugeuza picha kama kioo. Soma maandishi ya bango lililo nyuma, na kama yamepinduka, basi kushoto na kulia kwako vimebadilishana pia. Na kama kuna mtu ambaye jina lake hukulipata, niandikie wazi kwamba hukulipata. Jina la kubahatisha ni baya kuliko pengo.

Sisemi hivi kwa kupenda ukali. Miaka kadhaa iliyopita, katika gazeti nililokuwa nafanyia kazi, nilipitisha picha ya mahafali ya kidato cha nne iliyotumwa na mtu wa nje, ambamo msichana aliyeongoza shule alikuwa akipokea cheti huku mwenzake akiwa amesimama kando akisubiri zamu. Majina yalikuwa yamebadilishana. Baba wa yule aliyeongoza alikuja ofisini na mfuko wa nailoni uliojaa magazeti. Alikuwa amenunua nakala kumi alfajiri ili awapelekee ndugu, kabla hajasoma maneno yaliyo chini ya picha. Hakupaza sauti. Aliuliza tu kama inawezekana kuyabadilisha majina. Tulichapisha masahihisho siku iliyofuata, mistari mitatu katika ukurasa wa pili, lakini nakala kumi zile hazikuweza kubadilishwa. Tangu siku hiyo sipitishi kepsheni ya mtu nisiyemfahamu kabla ya kumpigia simu na kumtaka anisomee majina polepole, herufi kwa herufi. Kwa hiyo niandikie namba yako ya simu, na uiache simu iwe wazi hadi saa mbili usiku.

Kuna ugonjwa mwingine wa kepsheni, na huu tumewaambukiza sisi wenyewe wa magazetini. Ni "akiteta jambo", "wakifurahia jambo" na "akipata maelezo". Jambo gani? Maelezo ya nini? Mpigapicha wa kujitolea husoma magazeti, huona kwamba ndivyo tunavyoandika, naye huandika vivyo hivyo akidhani ndiyo kanuni. Sio kanuni. Ni alama kwamba aliyepiga hakusogea karibu, hakusikiliza na hakuuliza. Kama mkuu wa wilaya anacheka na mganga mfawidhi, nenda kamuulize mganga baada ya shughuli. Mara nyingi atakuambia, na pengine alichokuambia ndicho kitakachokuwa habari.

Muda nitaugusa tu. Tukio la asubuhi lifike mezani kabla ya saa tisa alasiri, nalo la jioni lipigiwe simu mapema ili mhariri ajue linakuja. Picha za juzi ni za wiki jana. Tuma tano, usitume 84: moja pana inayoonyesha mahali, mbili za tendo lenyewe, moja ya uso wa karibu, na moja ya wima kwa ajili ya safu nyembamba. Usiweke jina lako katikati ya picha kwa maandishi makubwa, usiwalainishe watu ngozi kwa programu za urembo, na usifute kitu chochote kilichokuwepo, hata kama ni chupa ya maji inayokukera.

Kuhusu mwanga nina jambo moja ambalo mafunzo mengi ya intaneti hayalitaji, kwa kuwa yameandikwa na watu wanaotazama picha kwenye skrini. Karatasi ya gazeti hunywa wino. Kiwango cha kimataifa cha uchapaji wa magazeti chenyewe kinakubali kwamba nukta za wino zilizopangwa kufunika asilimia 50 ya karatasi zikichapwa zitaonekana kama zimefunika asilimia 76. Kivuli ulichokiona kizuri kwenye simu kitakuwa weusi mtupu ukurasani. Sasa fikiria matukio yetu yalivyo: watu weusi wamekaa chini ya turubai jeupe, nyuma yao jua linawaka, na simu inapima mwanga wa turubai na kuzifanya nyuso kuwa giza. Gusa uso kwenye skrini ili simu ipime hapo, na ukubali anga ipauke. Nimelazimika kuacha picha za bibi na babu waliopendeza sana kwa sababu hakuna jicho hata moja ambalo lingeonekana baada ya kuchapwa, na hilo huniuma kuliko makosa mengine yote, kwa kuwa gazeti likimchapa mtu bila uso limemkosea heshima.

Nakuja kwenye jambo ambalo mimi mwenyewe sijalimaliza moyoni. Kepsheni zetu hutumia "akikabidhi", "akikata", "akizindua", kana kwamba tendo limenaswa likiwa linatendeka. Lakini wote tunajua kwamba ile hundi ya mfano, pana kama mlango, huwa imeshikwa na watu wawili walioganda, wanaitazama kamera na kusubiri kuambiwa kwamba imetosha. Hakuna anayekabidhi chochote. Je, ni haki kumwomba mgeni rasmi arudie kukata utepe kwa sababu ulikosa mara ya kwanza? Vitabu vinasema hapana, kwa neno moja. Mimi nimepitisha picha nyingi za aina hiyo, nikijitetea kwamba utepe wenyewe ulifungwa kwa ajili ya kamera tangu mwanzo, kwa hiyo anayeurudia hamdanganyi mtu. Utetezi huo hunipungukia nguvu nikifika kwa mgonjwa anayeombwa apokee chandarua mara ya pili, au mtoto anayeambiwa alie tena. Hapo nakataa, lakini siwezi kukuchorea mstari unaotenganisha utepe na chandarua kwa namna ambayo itakufaa kila siku. Ninachokutaka ni kuniambia. Ukiandika "picha hii ilirudiwa kwa ombi langu", nitaamua nikiwa na macho wazi, na sitakufikiria vibaya.

Vivyo hivyo niambie kama aliyekulipa ni mwandaaji wa tukio. Sizungumzii bahasha peke yake, ile pesa anayopewa mwandishi kwenye tukio, ingawa bahasha ipo na kila mtu anaijua; hata kazi halali ya kupiga picha za sherehe hukufanya uone tukio kwa jicho la mwenye sherehe. Picha hiyo inaweza kutumika, ila msomaji ana haki ya kujua imetoka wapi.

Hilo linanipeleka kwenye maneno "picha kwa hisani ya", ambayo watu wengi hufurahi kuyaona. Yawekewe mipaka. Hisani ni ya taasisi iliyotoa picha yake bure. Wewe uliyedamka, ukapanda daladala mbili, ukauliza majina na kusubiri mwanga, unastahili "Picha na", likifuatiwa na jina lako kamili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda picha yako tangu ulipoipiga, bila kuisajili popote, na kuituma kwa mhariri si kuiuza. Andika katika barua yako: itumike mara moja, katika gazeti hili, kwa jina langu. Uliza malipo kabla haijachapwa, kwa sababu baada ya hapo huna cha kushikilia.

Wengine wataambiwa kwamba hakuna bajeti. Nimekuwa upande huo wa meza, nimeyasema maneno hayo, na mara nyingine yalikuwa kweli. Nawajua waandishi wa kujitegemea ambao kila picha ya bure inayoingia huwapunguzia mlo, na nawajua wapigapicha stadi ambao mlango wao wa kwanza ulikuwa picha mbili tatu walizotoa bila senti. Siwezi kumwambia kijana wa Mbeya akatae. Nilimwambia arudi kwa kikundi cha wakulima wa parachichi, amtafute mama yule, amwonyeshe picha, amuulize jina lake na kama yuko radhi itumike. Kamera aiache dukani kwanza.