Tumbaku ya kusokota ni tumbaku ya namna gani?

Chukua jani kavu la tumbaku, lifikiche kiganjani, limwage juu ya karatasi nyembamba kisha ujaribu kusokota sigara. Nusu yake itakuwa unga, nusu vipande vigumu vinavyotoboa karatasi, na ukivuta, chembe zitakuingia mdomoni. Usilaumu vidole vyako. Jani hilo bado halijawa tumbaku ya kusokota.

Tumbaku ya kusokota ni majani yaliyokaushwa, yakapumzishwa, yakatolewa mshipa wa kati, yakalainishwa kwa unyevu, kisha yakakatwa nyuzi nyembamba zinazoshikana kiasi cha mtu kuweza kuzivingirisha ndani ya karatasi bila mashine. Maelezo mengi hukazania kukata, maana kisu ndicho kinachoonekana. Mimi naona kisu kina kazi ndogo. Kazi kubwa ni ya maji: kuyatoa kwenye jani, kuyarudisha, kuyapunguza tena, na mwisho kuyazuia yasitoroke.

Ugoro husagwa ukawa unga. Tumbaku ya kiko hukatwa vipande vipana zaidi, au hushindiliwa ikawa vibapa, kwa kuwa kiko kinataka moto wa polepole. Ya kusokota hukatwa nyuzi ambazo upana wake aghalabu ni kati ya milimita 0.3 na 0.8. Uzi mwembamba na mrefu hujisuka na wenzake, hushika moto upesi, na haumwagiki kwenye ncha ya msokoto.

Mpaka kati ya ya kiko na ya kusokota una fedha ndani yake, kwa sababu serikali huzitoza kodi tofauti. Umoja wa Ulaya uliamua kutumia rula: agizo lake la mwaka 2011 linasema kwamba tumbaku ya kuvuta ambayo zaidi ya asilimia 25 ya uzito wake ni chembe zenye upana usiofika milimita 1.5 ihesabiwe kuwa ya kusokota. Marekani haikushika rula. Sheria yake inatazama mwonekano, aina, kifungashio na lebo, ili kuona kama bidhaa inafaa kutengenezea sigara na inaelekea kuuzwa kwa kazi hiyo. Aprili 2009 kodi ya shirikisho ya tumbaku ya kusokota ilipandishwa kutoka takriban dola 1.10 kwa ratili hadi dola 24.78, huku ile ya kiko ikiwekwa dola 2.83 tu. Kilichofuata hakikuhitaji mpiga ramli. Tumbaku iliyokuwa ikiuzwa kama ya kusokota ikaanza kuandikwa "ya kiko" kwenye mfuko, na mauzo ya tumbaku ya kiko yakapaa ilhali wavuta kiko hawakuongezeka.

Sasa jani lenyewe. Likichumwa bichi, maji ni kati ya asilimia 80 na 90 ya uzito wake, na namna maji hayo yanavyoondolewa huamua mengi kuhusu moshi utakaotoka. Kiswahili cha wakulima kina majina yanayojieleza: tumbaku ya mvuke, ya hewa na ya moshi.

Ya mvuke, ambayo kwa kawaida ni ya aina iitwayo Virginia, hutundikwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, lililofungwa, na joto huletwa kwa mabomba ili moshi usiguse majani. Siku za mwanzo joto huwa la wastani, nyuzi 35 hadi 40 hivi za Selsiasi. Jani linakuwa bado hai. Wanga wake unageuka sukari na rangi ya kijani inageuka njano. Kisha joto linapandishwa hatua kwa hatua hadi kupita nyuzi 70, ili na mshipa mnene wa katikati ukauke. Kazi yote humalizika kwa wiki moja hivi, na kwa vile jani limeuawa haraka, sukari inabaki ndani.

Ya hewa, kama aina iitwayo Burley, hutundikwa kwenye banda linalopitisha upepo kwa wiki kadhaa. Huku jani linakufa polepole likila sukari yake lenyewe, hata linapokuwa kahawia sukari imekaribia kwisha. Ya moshi hukaushwa juu ya moto wa kuni, na harufu ya kuni ikishaingia haitoki.

Sukari hiyo ina athari kubwa kuliko utamu. Inapoungua hutoa asidi, na moshi wenye asidi haukwaruzi sana koo, kwa hiyo mtu anaweza kuuvuta hadi mapafuni. Moshi wa majani meusi ya sigaa (msokoto mnene wa majani matupu ya tumbaku), ambao unaelekea upande wa alkali, yaani kinyume cha asidi, ni mkali, ndiyo maana wavuta sigaa wengi huuacha uishie mdomoni. Upole wa tumbaku ya mvuke umewezesha nikotini kufika ndani kabisa ya kifua bila mwili kupiga kelele. Mchanganyiko mwingi wa kusokota umesimama juu ya Virginia. Waholanzi wanao mtindo wao wa halfzware, yaani "nusu nzito", ambao huongezewa majani meusi yaliyokaushwa kwa moshi.

Baada ya kukaushwa majani hupumzishwa, mara nyingi mwaka mmoja hadi mitatu, unyevu ukiwa karibu asilimia 12. Harufu ya amonia hupungua na ukali hushuka. Hapo hakuna ufundi wa kusimulia, ni subira.

Jani lililopumzika bado halikatiki, kwa maana kisu kingelipasua vipande. Kiwandani huingizwa kwenye pipa kubwa linalozunguka, likapigwa mvuke na maji hadi unyevu ufike karibu asilimia 20, nalo linakunjika kama kitambaa. Mshipa wa kati, ambao unaweza kuwa robo ya uzito wa jani, huwa umetenganishwa mapema. Viwanda haviutupi: huloweshwa, hupigwa bapa kwa roli, hukatwa na kurudishwa kwa kiasi kwenye mchanganyiko. Katika hatua hiyohiyo ya kulainisha majani hutiwa kitu ambacho ningekiita mchuzi: sukari, likorisi (mzizi mtamu), kakao, pamoja na vimiminika vinavyoshikilia maji kama gliseroli na propileni glaikoli. Kisha majani hushindiliwa kwa nguvu yawe kama tofali refu linalosukumwa mbele pole pole, na visu vinavyozunguka vinamenya uso wake. Upana wa uzi hutegemea mwendo wa tofali hilo ukilinganishwa na kasi ya visu.

Nyuzi zikitoka hapo zina maji mengi mno, kwa hiyo hukaushwa tena kwa hewa ya moto. Tumbaku inayokwenda kwenye mashine za sigara huachiwa unyevu wa asilimia 12 hadi 14. Ya kusokota huachiwa zaidi, aghalabu 16 hadi 20. Mashine hupuliza, hubana na kukata kwa kasi, haihitaji uzi mlaini. Vidole vinataka uzi unaonyumbuka na kubaki pale ulipowekwa. Mwisho nyuzi hupozwa na kupuliziwa manukato. Yangewekwa mapema, joto lingeyafukuza. Kisha hufungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa.

Anayekata jani nyumbani hufuata njia hiyohiyo kwa udogo wake. Hulinyunyizia maji, huliacha usiku kucha ndani ya mfuko ili unyevu usambae, hung'oa mshipa, huviringisha majani kadhaa pamoja na kuyakata kwa kisu kikali au kimashine cha mkono, halafu huzitawanya nyuzi zipungue maji. Kosa la kawaida ni haraka. Maji yanayobaki juu ya jani bila kuzama hulifanya ligande kwenye kisu, na sehemu kavu hugeuka unga.

Hapa kuna imani inayosumbua, kwamba sigara ya kusokota ni ya "asili" na hivyo ina nafuu kuliko ya pakiti. Hatua zote hizi zinaikanusha. Gliseroli na manukato mara nyingi vimo kwenye mfuko, na kwa kuwa tumbaku hii inahitaji kukaa na unyevu, vimiminika vya kushika maji vina kazi kubwa zaidi humu. Hata jani lisilotiwa kitu lina nikotini yake, na baadhi ya nitrosamini, kemikali zinazosababisha saratani, hutokea wakati wa kukausha na kuhifadhi, muda mrefu kabla ya kisu. Mabani yaliyokuwa yakipuliza hewa ya gesi iliyoungua moja kwa moja kwenye majani yalizidisha nitrosamini hizo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mengi yakabadilishwa ili moshi wa gesi utengwe na hewa inayokausha. Likiwaka sasa, jani hutoa lami na kaboni monoksidi kama jani lolote. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kwa mwaka kutokana na tumbaku, na hesabu hiyo haimwachi nje aliyesokota mwenyewe.

Mfuko ukishafunguliwa, maji huanza kuondoka. Tumbaku hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena kulingana na mahali ilipo, kwa hiyo kwenye chumba kikavu nyuzi hukakamaa ndani ya siku chache na kurudi kuwa ule unga wa mwanzo. Wasokotaji wa zamani hutia ganda la tufaha au kipande cha kiazi ndani ya mfuko, na kweli nyuzi hulainika. Shida ni kwamba ganda halijui kupima. Nyuzi zinazoligusa hulowa kuliko zilizo mbali, na likisahauliwa siku tatu nne, mfuko ukifunguliwa kinachoonekana kwanza ni ukungu mweupe.