Je, wajua liwali wa Mombasa, yaani gavana wa mji, alikuwa mtu wa nani?

Kwa miaka mingi niliona swali hili halina hata haja ya kuulizwa. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea juu ya Ngome ya Yesu hadi 1963. Liwali alivaa joho na jambia, na cheo chenyewe ni neno la Kiarabu, al-wali. Basi ni mtu wa Sultani. Nimewahi kulibishania barazani mpaka kahawa ikapoa.

Kumbe nilikuwa sahihi kwa zama zilizotangulia 1895 tu. Wakati huo Sultani alimteua liwali, na kumwondoa akiweza. Kuweza kulikuwa na mipaka: ukoo wa Wamazrui ulitumwa kutawala Mombasa kutoka Oman, asili ya masultani hao, utawala ulipobadilika huko wakakataa kuutambua, na hawakung'oka hadi 1837.

Desemba 1895, Sultani Hamed bin Thuwaini alitia saini mkataba na Uingereza kuhusu Mwambao, ukanda wa maili kumi toka baharini. Utawala uliwekwa mikononi mwa maofisa wa kuteuliwa na serikali ya Uingereza, wenye kuwajibika kwake peke yake. Enzi ya Sultani, mkataba ukasema, haikuguswa.

Yawezekanaje? Fikiria nyumba ya Mji wa Kale. Hati ina jina la mzee mwenye nyumba, lakini anayekaa ni mpangaji, na ndiye anayemwajiri bawabu, kumlipa na kumfukuza. Bawabu alianza kazi enzi za mzee, na kofia aliyovaa ni ya mzee. Mzee akipita, husimama na kumwamkia. Ila mzee akitaka kufunguliwa chumba, bawabu humtazama mpangaji kwanza. Mimi nilitazama kofia.

Kodi ambayo Uingereza ilimlipa Sultani kwa Mwambao ilikuwa pauni 17,000 kwa mwaka. Uhondo uko hapa: 6,000 kati yake zilikuwa riba ya pauni 200,000 za Zanzibar yenyewe, zilizotumika kuilipa kampuni ya Kiingereza iliyoukodi Mwambao kabla. Yaani mwenye nyumba alimkopesha mpangaji mpya fedha za kumtoa wa zamani.

Hata hivyo, nisivuke mpaka upande wa pili: liwali hakuwa karani mtupu. Salim bin Khalfan alishika uliwali tangu enzi za Sultani, mwajiri akabadilika yeye yumo kitini. Mwanawe, Ali bin Salim, aliurithi, akaingia Baraza la Kutunga Sheria na kuitwa Sir. Nasaba, mashamba na heshima ya mji havikutoka kwa Mwingereza, na mkataba hauvipimi.

Oktoba 1963, Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohammed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walikubaliana Mwambao uwe Kenya, kwa sharti kwamba mahakama za kadhi zidumu. Uliwali haukudumu. Kadhi, aliyezoeleka kuketi pembeni ya liwali, yumo leo katika Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010.